Ukanda wa Cherehani na Krismasi ya Nguo Kuukuu

Mwezi wa kumi na mbili ukianza, vidole vyangu hukosa utulivu. Ni miaka mingi tangu nilipouza cherehani yangu ya mwisho, lakini wiki mbili kabla ya Krismasi bado najikuta nimekaa kibarazani nakunja pindo la shuka, nalinyoosha, nalikunja tena, kana kwamba kuna mtu ananisubiri. Mwili wa fundi haustaafu siku moja na fundi.

Ninyi mnaoshona leo Levolosi na Ngaramtoni mnajua ninachosema. Nimepita huko majuzi nikaona watu wamejaa mbele ya milango yenu, mama mmoja ameshika kitambaa kifuani kama mtoto mchanga, mwingine anawaapia wenzake kwamba yeye ndiye aliyefika mwanzo. Sikuja kuwasema. Msimu huo umenilisha maisha yangu yote, na macho yangu yangekuwa bado yanaona tundu la sindano ningekuwa nimekaa hapo pamoja nanyi.

Naandika kwa sababu ya jambo la nyumbani. Mwezi wa nane tulimzika binti yangu wa kwanza. Wanawe walipofungua nyumba yake ili kugawana vitu, hawakupata cha kugawana: vitenge viwili, gauni moja la kanisani, blanketi, sufuria, jembe. Mjukuu wangu anayefanya kazi mjini akaona haya mbele ya majirani. "Babu," akaniuliza, "kila mwaka tulimletea vitu. Alivipeleka wapi? Kwa nini mama aliishi kama mtu aliyehamia jana?" Nikamwambia nitamjibu. Jibu langu ni hili, na kwa kuwa limepita kwenye cherehani, nadhani ninyi mtalielewa upesi kuliko yeye.

Nilijifunza kushona wakati wa Wadachi, hao Wajerumani, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Bwana Kasamu, karibu na boma la Arusha. Mji wenyewe ulikuwa boma, safu ya maduka ya bati, soko, na vumbi. Cherehani ilikuwa moja, ya kukanyaga kwa miguu, iliyoletwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kutoka Moshi. Mwenye kiti chake alikuwa Fundi Mbaruku, mtu wa Pangani, mfupi, msafi kupita kiasi, aliyejipaka mafuta ya waridi hata siku ya kufagia. Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili kwa wamisheni huko juu kwetu, Umeruni. Nilijua kusoma, kuandika, na kunyamaza.

"Wewe wa mlimani," Mbaruku aliniambia siku ya kwanza, "umewahi kushika sindano?"

"Ya kutolea mwiba."

"Basi maumivu yake unayajua. Kilichobaki ni kazi."

Kosa langu la kwanza kubwa nawapa bure. Marekani ya siku zile, ile pamba ya kanzu, ilikuja na wanga mwingi, ngumu kama ubao. Kabla ya kukata ilibidi uiloweke, uianike, ndipo upime. Mwaka mmoja Mbaruku alishikwa na homa, watu wakawa wengi, nikaona kuloweka ni kupoteza siku. Nikakata kanzu kumi na moja kavukavu. Siku ya Krismasi zilipendeza, zinagusa kifundo cha mguu. Mwezi wa kwanza zikafuliwa. Jumapili iliyofuata nikaona wanaume wazima wamesimama kanisani magoti nje, kama korongo ndani ya maji. Mmoja wao akanishika mkono mlangoni. "Fundi," akasema, "tangu nibatizwe nakua upesi sana."

Mbaruku hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema tu, "Kitambaa hakina ulimi, lakini ukikikosea kitakusema barabarani."

Msidhani watu wa mlimani walizaliwa na kiu ya nguo mpya za Krismasi. Krismasi za kwanza nilizoziona zilikuwa mti wa mtarakwa uliokatwa msituni, mishumaa michache, nyimbo, na nyama kwa mwenye mbuzi. Watu walivaa walichokuwa nacho. Kisha mwaka mmoja mke wa mwalimu alikuja na blauzi yenye mikono iliyovimba begani. Haikuwa dhambi, alipewa na mke wa mmisheni. Lakini mwaka uliofuata nilishona mikono iliyovimba hadi nikaiota inapaa.

Bwana Kasamu alikuwa mtu mpole mwenye akili nyingi. Kila ulipokaribia msimu alitundika barazani kitu kimoja kipya: mwaka huu kimia cha matundumatundu cha kupamba shingo, mwaka ujao vifungo vinavyong'aa kama lulu. Mwaka mwingine alileta kioo kirefu, na kwa mara ya kwanza watu wetu wakajiona mwili mzima. Kioo hicho hakikuwa cha kuuzwa. Ndicho kilichouza kuliko vyote.

Nami nilisaidia. Sitawaficha. Nilijifunza kupokea kitambaa cha mteja, kukitazama, kisha kunyamaza kidogo. Kunyamaza kule kulitosha. Mtu mwenyewe angeuliza, "Hakitoshi?" Nami ningesema, "Kinatosha, mama. Ila mwaka huu watu wanaweka kimia." Mama yule angerudi nyumbani, na kesho yake ningemwona sokoni ameshika kuku wawili miguu juu.

Mtu mmoja tu alinijibu vizuri. Alikuwa mzee Mwarusha kutoka upande wa Ngaramtoni, mchungaji wa ng'ombe, aliyetaka kwa sikukuu koti kama la bwana shauri wa boma. Alitoa ndama kwa ajili ya koti lile. Mwezi wa pili akarudi nalo begani.

"Ero, fundi, chukua koti lako."

"Lina kasoro gani, mzee?"

"Lina njaa. Nililivaa nyumbani likataka suruali. Nikaipata suruali, ikataka mkanda. Nikaupata mkanda, miguu ikaanza kuonekana mibaya, ikataka viatu. Viatu vikataka nikae, kwa maana siwezi kuchunga navyo. Nina wake wawili na watoto tisa, na hakuna anayekula kama hili koti."

Mbaruku alicheka hadi akaangusha mkasi. Tulilifumua, tukamshonea mfuko wa kubebea chumvi juu ya punda. Akaupiga mfuko ule kofi. "Sasa," akasema, "limeshiba."

Nami nilicheka siku nzima. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mama yangu, naye akacheka. Kisha nikaendelea na kazi yangu kama kawaida.

Mama yangu alikuwa mjane. Alivaa ngozi. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kaniki na leso, yeye alibaki na vazi lake la ngozi ya ndama alilolainishiwa na marehemu baba alipoolewa. Alilipaka mafuta ya ng'ombe mpaka likawa jororo kama sikio. Alivaa hiyo, alilala juu yake, aliifunika mabegani mvua iliponyesha. Nyumba yake ilikuwa na chungu, kibuyu, jembe, kigoda, na ile ngozi. Hakuwahi kunituma kitu dukani, mimi niliyekaa dukani kutwa.

Haikunipendeza. Mimi fundi wa mjini, ninayevisha mlima mzima, mama yangu ananukia mafuta ya ng'ombe! Mwaka mmoja au miwili kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza, marehemu mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike. Ikapangwa abatizwe siku ya Krismasi. Kwetu, binti wa kwanza wa mwana huchukua jina la mama yake baba. Si zawadi ndogo hiyo. Bibi anapolitamka jina lake mbele ya watu, anasema: huyu ni mimi, mimi sitaisha. Basi mama angesimama kanisani mbele ya watu wote, na mimi sikutaka asimame na ngozi. Nikamshonea gauni la bafta nyeupe, kola ya kimia, vifungo sita. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitundika.

"Utalivaa, mama?"

"Nitalizoea kwanza."

Siku tano kabla ya Krismasi ukanda wa cherehani ulikatika. Ninyi wenye mashine za umeme labda hamjui: kuna gurudumu kubwa chini, kwenye kanyagio, na gurudumu dogo juu, na ukanda wa ngozi unaoyaunganisha. Ukikatika, unakanyaga hewa. Tulikuwa tumeuunga kwa waya mara nyingi, safari hii ukasambaratika vipande. Nguo zaidi ya thelathini zilikuwa zimekatwa, zinasubiri kushonwa.

"Nitaagiza Moshi," akasema Bwana Kasamu.

"Utafika lini?"

Akatazama mlima, kana kwamba mlima ndio utakaotumwa. "Baada ya sikukuu."

Nikawaambia ngojeni, najua ngozi ilipo. Nikapanda nyumbani nikitembea haraka. Mke wangu alikuwa amemvisha mama gauni jipya siku hiyo ili ampimie pindo, na wote wawili walikuwa wamekwenda mtoni nalo, mama akitaka kujua kama mtu anaweza kuchota maji amelivaa. Ngozi ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo. Nikachagua ukingo wa chini, kwa sababu ndio uliokuwa mwororo kuliko sehemu zote, nikaukata upande wa nyuma wote, upana wa kidole cha mwisho.

Mjukuu wangu akiuliza kama nilikuwa na njia nyingine, nitamwambia ndiyo. Bomani kulikuwa na mtu anayetengeneza hatamu za farasi, na ningeweza kumwomba. Sikumwomba. Niliiona ngozi ile kichwani mwangu mara tu ukanda ulipokatika, na sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nilijua ikikatwa, mama hatakuwa na la kuvaa siku ya Krismasi isipokuwa gauni langu. Nilipomaliza niliitundika tena, upande uliokatwa ukitazama ukutani. Mtu asiyejua kwamba anakosa hafanyi hivyo.

Ukanda ule ulinisumbua. Ulikuwa umekunywa mafuta miaka yote, ukawa unateleza. Nakanyaga mara kumi, sindano inashuka mara tatu. Ikiwapata, fanyeni hivi: pakeni majivu makavu, futeni kwa gunia, pakeni tena, kisha malizeni kwa chaki. Uliposhika, ulishika vizuri kuliko ule wa kiwandani. Baraza yote ilinukia nyumbani kwetu.

Mbaruku, ambaye siku hizo alikuwa ameniachia mashine akishona kwa mkono, alinusa, akaacha kushona. "Ngozi ya nani hii?"

"Ya mama. Haivai tena."

"Amesema haivai?"

"Nimemshonea gauni."

"Sikukuuliza umeshona nini," akasema. Hakurudia tena habari ile.

Siku mbili kabla ya Krismasi ilikuwa siku ya soko. Baraza ilikuwa imejaa. Mama akaja amevaa gauni la bafta, ameikunja ngozi yake kwapani. Wanawake wakampa njia. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Shikamoo bibi, umependeza!" "Marahaba, mwanangu." Aliitikia kila mmoja kwa zamu yake, kama mtu mwenye siku nzima. Kisha akasimama mbele ya cherehani. Mguu wangu ukasita.

"Endelea," akasema. "Nataka kuona inavyofanya."

Nikakanyaga. Gurudumu likazunguka, ukanda ukapanda na kushuka. Akautazama kama mtu anayetazama mto uliojaa.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe, mama. Nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia lini?"

Akaikunjua ngozi mbele ya watu, akashika pale ilipoishia. "Mdogo wako wa mwisho, alipokuwa anaota meno, alikuwa akiuma hapa. Nalima, yeye yuko mgongoni, anatafuna pindo. Meno mawili ya chini. Hakuota mengine."

Mama alizaa sita, tukabaki watatu. Hilo nililijua. Lakini zamani zile mtoto mdogo hakuacha kitu: hapakuwa na picha, hapakuwa na kiatu wala kofia. Huyo wa mwisho aliacha alama za meno mawili kwenye pindo la ngozi, na sikuwahi kuambiwa, wala sikuwahi kuuliza kwa nini mama, akikaa jioni, alikuwa akishikashika ukingo ule kwa kidole gumba.

"Mama, sikujua."

"Ungeuliza ungejua." Akaikunja ngozi polepole. "Maliza nguo za watu, wamengoja. Lakini jina langu usimpe mtoto. Mtafutieni jingine. Kwenye kitabu chenu yapo mengi."

Akaondoka. Alipokwisha kuvuka barabara, mwanamke mmoja kijana akasema, "Fundi, gauni langu nalo linapita kwenye ngozi hiyo? Basi mimi silivai."

"Usivae wewe!" akaruka mama mmoja mnene wa Maji ya Chai, mtu wa maneno makali. "Mimi nimelala mjini siku mbili nangoja hili gauni. Ya mama na mwanawe yatakwisha nyumbani kwao. Shona, fundi!"

"Huna haya?"

"Nina haya na sina gauni. Kimoja fundi anaweza kunipa. Shona!"

Nikashona. Nataka mjue hivyo. Nilisikia maneno ya mama kwa masikio yangu, nikainamisha kichwa nikashona mpaka alasiri, nguo nne au tano. Mkono ulijua kazi yake na mimi nikajificha ndani ya mkono.

Watu walipopungua nikatia mafuta kwenye mashine, kama tulivyofanya kila jioni kabla ya kufunga. Nikapitisha kidole gumba juu ya ukanda, polepole, nikitafuta meno mawili. Kulikuwa na mikwaruzo ya gurudumu, mashimo ya waya, majivu, chaki. Nikauzungusha wote mara moja, mara ya pili. Sikuweza kujua lipi ni jino na lipi ni kazi yangu.

Nikafungua waya, nikautoa ukanda.

Bwana Kasamu akatoka ndani. "Unafanya nini?"

"Naurudisha kwa mwenyewe."

"Fundi, bado nguo ishirini na zaidi! Unanifungia Krismasi?"

"Ukanda wa Moshi utafika."

"Baada ya sikukuu! Nani atataka gauni la Krismasi baada ya Krismasi?"

Hakuwa mtu mbaya, na swali lake lilikuwa la kweli. Nimelifikiri miaka yote hii. Gauni ni lile lile, kitambaa kile kile, mshono ule ule. Mbona siku mbili zinaweza kulifanya takataka? Bwana Kasamu akaniambia nisikae tena kwenye baraza yake, nikasema sawa.

Mbaruku alikuwa ameshavuta kikapu cha nguo kwake. "Nenda," akasema. "Vigauni vya watoto wa ubatizo nitavimaliza kwa mkono. Hao wakubwa watavaa kama walivyokuja duniani."

"Watakutukana."

"Wanitukane. Mimi Mwislamu, nitakuwa nimelala wakati wao wanaimba."

Nilifika nyumbani jua bado liko. Kwetu, ukimkosea mtu sana humwendei na maneno matupu, unachuma jani la sale kwenye mpaka wa shamba, unamwendea nalo mkononi, naye hawezi kukufukuza. Nikalichuma. Nikampa mama jani na ukanda, nikasema nilivyofanya, pamoja na ile habari ya kuugeuza upande uliokatwa ukutani. Nikasema pia kwamba nilimwonea haya. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Akaliweka jani kando ya jiko. Akauchukua ukanda, akafumba macho, akaupitisha kati ya vidole vyake toka mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Mahali fulani akasimama.

"Ni hapa," akasema.

Mimi niliangalia nisione kitu. Mpaka leo sijui kama alizikuta alama za meno au alikuta alichotaka kukikuta. Sikumuuliza.

Asubuhi, mkesha wa Krismasi, nilikaa nje na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na uzi wa kano, nikaanza kuurudisha ukingo mahali pake. Mama alikaa kwenye kigoda akinitazama. Ngozi ni mwalimu mkali, vijana. Kitambaa ukikosea unafumua, unakisugua kwa kucha, tundu linajifunga. Ngozi haisahau tundu. Kila unapotoboa umetoboa.

"Usikaze," mama akasema. "Si marekani hiyo."

Ni maneno pekee aliyoniambia asubuhi ile. Nilimaliza saa ya chakula cha mchana. Mshono wangu ulikuwa umesimama kama kovu, na ukingo, kwa kuwa ulinyooka kwenye mashine, ulikunjamana hapa na pale. Mama akaichukua bila kusema nzuri wala mbaya. Habari ya jina hakuigusa. Mke wangu akaniuliza tufanyeje. Tukakubaliana kwamba mtoto tutamwita Maria.

Siku ya Krismasi watu wa mlimani walikuja kanisani kama walivyo. Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Leso zilizopauka, kaniki zenye viraka, kanzu fupi za mwaka ule wa magoti, mwanamume mmoja katika blanketi. Walinitazama kwa macho ambayo sitayasahau, nami nikatazama chini. Mama yule wa Maji ya Chai hakuniamkia kabisa. Mzee wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuona kwamba watu wamevaa inavyopasa, alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mama yangu alipofika amevaa ngozi yake, mzee akajikaza.

"Mama, hukupata gauni?"

"Ninalo. Liko nyumbani."

"Sasa mbona..."

"Lile linanifahamu siku tano. Hii inanifahamu miaka yote."

Mzee akamtazama, akatazama msururu wa leso na viraka nyuma yake. "Pita, mama," akasema. "Leo nikianza kurudisha watu nitabaki na mchungaji."

Tukaimba. Nilikuwa nimejiandaa kwa Krismasi iliyoharibika, na ni mimi niliyeiharibu, kwa hiyo nilisikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza mashine mbovu. Nyimbo zilikuwa zile zile. Watoto waliitazama mishumaa kwa vinywa wazi kama kila mwaka. Katikati ya wimbo wa pili watu walisahau walichovaa, na waliposahau waliimba zaidi.

Ikafika zamu yetu. Mchungaji, Mdachi mwenye ndevu aliyejua Kiswahili cha kitabuni, akamshika mtoto. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mke wangu akanitazama. Nikafungua kinywa niseme Maria.

"Nasinyari," mama akasema.

Alikuwa amesimama upande wa wanawake, mkono mmoja umeshika ukingo wa ngozi. Hakupaza sauti sana. Mchungaji akasubiri, labda hakusikia vizuri, naye akarudia kama mtu anayemwambia mgeni njia: "Anaitwa Nasinyari. Mimi ndiye Nasinyari."

Huyo ndiye tuliyemzika mwezi wa nane.

Nje ya kanisa mama wa Maji ya Chai alinijia. "Fundi, umenivua mbele za Mungu."

"Nisamehe, mama."

"Nimeimba vizuri tu," akakiri. Kisha akaninyooshea kidole. "Ila gauni langu nalitaka!"

Bwana Kasamu aliniita tena mwezi wa tatu. Nilirudi, nikashona miaka mingi, na Krismasi ziliendelea kuja na kimia chao na vifungo vyao. Sikuwa mtakatifu. Lakini ile tabia ya kunyamaza juu ya kitambaa cha mtu niliiacha. Mtu akiuliza "Kinatosha?" nilimwambia kinatosha, nikafunga mdomo hapo. Nilipoteza wateja. Jaribuni, mtaona jinsi ilivyo ngumu.

Sasa, mjukuu wangu. Mama yako alilelewa na bibi yake mpaka akawa msichana, walilala nyumba moja. Vitu mlivyomletea kila Krismasi sijui vyote vilikwenda wapi, na sitatunga. Vingine niliviona kwa jirani zake wenye watoto wadogo. Hakuwa fukara wala hakuwa bahili. Alikaa na vitu vichache ambavyo aliweza kukwambia kila kimoja kilitoka kwa nani na kiliona nini. Usione haya kwa ajili yake. Mimi niliona haya kwa ajili ya mama yangu, na unajua sasa nilifanya nini kwa mkasi.

Mama alivaa ngozi ile mpaka kufa kwake, na tukamzika nayo. Dada zangu walitaka kuikunja ili mshono ulale chini, usionekane na waombolezaji. Nikawaambia uacheni juu, yeye mwenyewe aliuvaa hivyo. Maana ukingo ule nilioukata ulikuwa wa nyuma, lakini baada ya Krismasi ile aliigeuza ngozi, akawa anaivaa kovu likiwa mbele, magotini pake, kila siku. Iliniuma. Nilidhani ananiadhibu. Mwaka wa pili nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hairudishi ilivyokuwa.

"Nyuma sioni," akasema. "Hapa nikikaa nawaona wote wawili, wewe na mdogo wako."